Matatizo Yanayojulikana

Saa nane na robo usiku, Februari, Kuressaare.
Chini ya hospitali, pale mabomba ya maji moto yanapopita
yakinung'unika kama watu waliokatizwa usingizi,
nimekalia kreti la chupa, kibodi mapajani,
na seva imenigomea.

Skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe:
diski ya mfumo haikupatikana.
Haikupatikana! Nami naiona kwa macho,
naigusa, ina joto, inavuma,
taa yake ya kijani inanikonyeza.

Nilifanya kila kitu kwa adabu.
Nilitoa nakala mbili za akiba. Nilisoma maelekezo nusu,
na ni hapo nilipoteleza, hapo penye nusu.

Simu. Maret wa zamu ya usiku, orofa ya tatu:
"Majibu ya damu ya mzee Arvo hayafunguki."
"Dakika kumi," nasema.
Dakika kumi za mafundi mnazijua,
ni ndugu wa toka nitoke na "niko njiani."

Nawasha tena. Mstari uleule.
Nabadilisha kebo. Mstari uleule.
Naibembeleza. Kisha naitukana kwa Kiestonia,
lugha inayolipa kila jina mikia kumi na minne;
naitumia yote.

Ndipo naikunjua ile karatasi,
ukurasa wa mwisho, herufi ndogo kama ufuta:
Matatizo yanayojulikana.
La kwanza, saa ya mashine hurudi nyuma saa mbili.
La nne, kadi za mtandao hubadilishana majina.
La saba,
na hapa kidole kinasimama,
vidhibiti vya diski vya muundo wa zamani
havitambuliwi na kiini kipya. Kabla ya kusasisha...

Kabla.
Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Yanajulikana! Na nani?
Nani alikaa kwenye baridi kama hii kabla yangu,
akajiona mjinga, akaona haya,
kisha haya ikamwisha, akaandika:
mimi nilikwama hapa?
Mficha uchi hazai, walisema wahenga;
sikudhani walikuwa wanazungumzia seva.
Kumbe orodha nzima ni uchi wa watu
walioanika wao, tuvae sisi.

Chagua kiini cha zamani. Pakia kiendeshi kwa mkono.
Unda upya faili ya kuwashia.
Nakosea herufi moja. Naanza upya, polepole,
kama anayepitisha uzi kwenye sindano na vidole vimekufa ganzi.

Mistari inateremka, inateremka,
na diski inapatikana, kama mtoto
aliyejificha nyuma ya pazia miguu ikiwa nje.

Mtandao, kimya.
La nne lilikuwa linangoja zamu yake.

Ndani ya mlango wa kabati kuna kibandiko, mwandiko wa Kalju,
aliyestaafu akaenda kufuga nyuki Muhu:
"Kadi ya pili ndiyo ya kwanza. Usiniulize."
Simuulizi. Nahamisha kebo.
Taa mbili za manjano zinaanza kubishana.

Simu. "Yamefunguka," anasema Maret.
Hasemi asante. Anasema potasiamu ya mzee iko juu mno,
na nasikia kiatu chake kikikimbia kabla hajakata.

Nabaki na mabomba.
Nachukua kalamu; chini ya maneno ya Kalju naandika:
"Anza na ukurasa wa mwisho." Natia tarehe.

Saa ya ukutani: tisa na dakika arobaini.
Saa ya seva: saba na dakika arobaini.
La kwanza hilo, nalo limekuja.
Kwa seva bado sijabonyeza chochote,
bado sijakosea, chai yangu bado ina moshi.

Naiacha iamini hivyo kwa pumzi moja.
Kisha nairekebisha.